JOSEPH THOMSON NA MAPANGO YA MLIMA ELGON

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na nyumbani kwetu ni Kipsongo, hapa pembeni mwa mji wa Kitale. Kila asubuhi nikitoka na begi langu, ikiwa hakuna ukungu, nauona Mlima Elgon upande wa magharibi umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Nasema umelala kwa sababu haukusimama wima kama Mlima Kenya tunaouona kwenye sarafu na picha. Huu wetu ni mpana. Unaweza kuutazama mwaka mzima usijue kilele chake ni kipi.

Tulipokutana kupanga jarida la mwaka huu, nilipendekeza kuandika juu ya Joseph Thomson. Lo! Nusu ya chama ilinipinga. Wengine walisema Wazungu wameandikwa vya kutosha, tena eti mlima ulikuwa hapa kabla mama yake Thomson hajazaliwa. Wengine waliuliza, si yule wa swala? Si yule wa maporomoko ya Nyahururu? Basi mwalimu mlezi aliamua kwamba niandike, lakini nieleze yote, mazuri na mabaya. Haya, nimejaribu. Mtahukumu wenyewe.

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari mwaka wa 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Baadaye familia ilihamia karibu na mji mdogo wa Thornhill, ambako baba huyo alikuwa na machimbo ya mawe. Kwa hivyo mtoto Joseph alikulia kwenye vumbi la mawe na kelele za nyundo. Wengine huzaliwa wakaona mawe ni mawe tu, ya kujengea na kutupia mbwa. Yeye aliyaangalia kwa makini, akataka kujua yametoka wapi na kwa nini hili ni jekundu na lile ni jeusi. Alienda Chuo Kikuu cha Edinburgh akasoma jiolojia, yaani elimu ya miamba, akahitimu mwaka wa 1878 akiwa na miaka 20. Wakati huo kaka yangu mkubwa ana miaka 20 na bado anatafuta kazi ya mjengo pale stendi, lakini hayo tuyaache.

Mwaka huohuo Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilikuwa likituma msafara kuchunguza njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kiongozi alikuwa Keith Johnston, mchoraji wa ramani. Thomson aliomba kwenda hata bila mshahara, akachukuliwa kuwa msaidizi. Safari ilianza mwaka wa 1879. Hawakufika mbali. Mwezi wa Juni, mahali paitwapo Behobeho karibu na mto Rufiji, Johnston alifariki kwa kuhara damu. Fikirini: kijana wa miaka 21, mgeni kabisa katika bara hili, bosi amezikwa chini ya mti, wapagazi zaidi ya mia wanamtazama yeye. Angerudi pwani hakuna ambaye angemlaumu. Aliendelea mbele.

Lakini msidhani aliendelea peke yake kwa ushujaa wake tu, kama vitabu vingine vinavyotaka tuamini. Msimamizi wa msafara alikuwa Chuma, yule yule ambaye pamoja na Susi waliongoza wenzao kuubeba mwili wa David Livingstone kutoka mbali bara hadi pwani. Chuma alijua njia, alijua lugha, alijua namna ya kusema na machifu na namna ya kuwatuliza wapagazi waliochoka. Thomson alikuwa na dira na cheti cha chuo kikuu. Chuma alikuwa na akili ya njia. Bila Chuma sidhani tungekuwa tukimsoma Thomson leo, na Thomson mwenyewe hakuficha kwamba alimtegemea. Walifika Ziwa Nyasa, wakafika Ziwa Tanganyika, Thomson akauona mto Lukuga unavyotoka ziwani kuelekea magharibi, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilibishania. Mwaka wa 1880 walirudi pwani. Sifa yake kubwa ni kwamba katika safari hiyo hakupigana na wenyeji. Siku hizo kulikuwa na wasafiri waliopita wakiacha maiti nyuma yao, kwa hiyo jambo hilo si dogo.

Mwaka wa 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri akatafute makaa ya mawe kando ya mto Ruvuma. Alikwenda, akayachunguza, akarudi kumwambia Sultani kwamba hayo si makaa ya maana, ni mawe meusi tu yasiyowaka vizuri. Sultani hakufurahi. Mimi hapa ndipo nilipoanza kumpenda jamaa huyu. Ni rahisi kumdanganya tajiri anayekulipa, hasa kama anataka kudanganywa.

Sasa tufike kwetu. Mwaka wa 1883 lile Shirika la Jiografia lilimtuma tena. Safari hii alitakiwa kutafuta njia fupi kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai. Misafara mingi ilikuwa ikiizunguka nchi hiyo kwa kuwaogopa morani. Wafanyabiashara wa pembe wa pwani walikuwa wamepita humo, ndiyo, lakini hawakuwa wakiandika vitabu wala kuchora ramani kwa ajili ya London. Thomson aliondoka Mombasa katikati ya Machi akiwa na wapagazi zaidi ya mia moja, pamoja na baharia mmoja wa Malta aliyeitwa James Martin, ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini alikijua Kiswahili na alijua kuamrisha watu.

Walipita Taveta, wakazunguka Mlima Kilimanjaro na Thomson akaupanda kidogo. Walipoingia Umaasaini walikuta mambo yameharibika. Mjerumani aitwaye Fischer alikuwa ametangulia, na watu wake walikuwa wamepigana na Wamaasai. Thomson alirudi Taveta kinyumenyume, akakimbia hadi Mombasa kuongeza watu na bidhaa, kisha akaanza upya mwezi wa Julai akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara maarufu kutoka Pangani. Hapa pia angalieni vizuri. Kimameta alikuwa ameshazijua nchi hizi kabla ya Thomson kufika. Ukisoma kwamba Thomson aligundua njia, jiulize Kimameta alikuwa akifanya nini humo, kucheza?

Ili morani wasimsumbue, Thomson alijifanya mganga mkubwa. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Akizungukwa na watu, aliyachomoa mdomoni, akawaonyesha, halafu akayarudisha mahali pake. Watu walirudi nyuma kwa hofu. Tena alikuwa na Eno, ile dawa ya unga ya tumbo ambayo hata leo tunainunua dukani. Akiimwaga kwenye maji yakaanza kuchemka bila moto, basi uganga umekamilika. Nilipowasimulia wenzangu darasani walicheka hadi machozi. Nyanya yangu yeye hakucheka. Alisema mtu anayechezea heshima ya wenyeji wake namna hiyo hajui kama kuna siku watajua. Nilinyamaza.

Walipita Naivasha. Ile milima ya Nyandarua Thomson aliipa jina la Aberdare, kwa kumheshimu Lord Aberdare aliyekuwa mkuu wa Shirika la Jiografia, mtu ambaye hata hakuwa na habari ya baridi ya kule. Aliuona Mlima Kenya kwa karibu kuliko Mzungu yeyote kabla yake. Yale maporomoko ya mto Ewaso Narok, yenye kimo cha mita 74, yakaja kuitwa kwa jina lake, na mji uliokua hapo ukaitwa hivyo hivyo hadi baada ya uhuru ulipoitwa Nyahururu. Kisha wakateremka hadi Ziwa Baringo.

Kutoka Baringo Thomson alichukua sehemu ya watu wake akakata kuelekea magharibi. Alivuka bonde la Kerio, akapanda ule ukuta wa Elgeyo, akatokea juu kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Aliona nyasi, wanyama, upepo baridi, maji safi. Watu hakuwaona. Aliandika hivyo, na ni kweli kwamba wakati huo uwanda ulikuwa mtupu, kwa sababu Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuwa wakikaa hapo walikuwa wameshindwa na kutawanywa katika vita vya miaka iliyotangulia. Na kabla yao walikuwapo Wasirikwa, ambao mashimo yao ya mviringo bado tunayaona katika wilaya zetu hizi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu, lakini haikuwa haina wenyewe. Nitarudi kwenye jambo hili.

Alipita nchi ya Wakabras, akauvuka mto Nzoia, akafika kwa Nabongo wa Wawanga. Mahali hapo wafanyabiashara walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, ila Shiundu alikuwa amefariki na mwanawe Mumia ndiye aliyekuwa akitawala. Leo ndipo mji wa Mumias. Mumia alimkaribisha vizuri. Tarehe 10 Desemba 1883 Thomson alifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, akayanywa maji yake. Alitamani kuendelea hadi mto Nile, lakini homa ilimshika na bidhaa zilikuwa zinakwisha. Akageuka.

Naam, katika kugeuka ndipo alipokuja kwenye mlima wetu.

Kwanza niueleze mlima wenyewe, kwa sababu wengine tunaishi chini yake bila kuujua. Elgon ni volkeno iliyozimika. Ni mzee sana kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya. Wataalamu wanasema ulianza kutapika moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Chini una upana wa kama kilomita 80, na inasemekana hakuna volkeno nyingine iliyosimama peke yake yenye kitako kipana hivyo. Huko juu hakuna ncha moja. Kuna bonde kubwa la mviringo, mdomo wa zamani wa volkeno, lenye upana wa kilomita 8 hivi, na vilele vimelizunguka kama meno ya chini ya mzee. Kilichozidi vyote ni Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Kwa upande wetu wa Kenya kuna Koitobos, mita 4,222, ambacho juu ni bapa kama meza. Ndani ya bonde hilo kuna chemchemi za maji moto, na humo ndimo unamoanzia mto Suam, ambao unatoka kwa kupenya korongo upande wa mashariki, unaitwa Turkwel huko mbele, na unakwenda hadi Ziwa Turkana. Maji mengine ya mlima huohuo yanateremka kusini na kuingia mto Nzoia hadi Ziwa Victoria. Jirani zetu wengi hapa Kipsongo ni Waturkana waliokuja kwa sababu ya ukame. Mimi huwaambia watoto wao kwamba maji ya Elgon yanakwenda kwao huko nyumbani. Hawaamini.

Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza kwamba huko Hawaii kuna volkeno iitwayo Mauna Kea, mita 4,205, karibu sawa kabisa na Koitobos, na juu yake wamejenga darubini kubwa za kutazamia nyota. Mmoja wetu akauliza mbona sisi hatuna. Mwalimu akaelekeza kidole dirishani. Mlima wote ulikuwa umefunikwa na mawingu. Hilo ndilo jibu. Mauna Kea kilele chake kiko juu ya mawingu na hewa yake ni kavu, lakini wetu ndio unaotuletea mvua ya mahindi. Huwezi kuwa na vyote.

Jina Elgon nalo lina kisa chake. Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba. Wamaasai waliwaita watu wa mlimani El Kony, na Wakony ni sehemu ya Wasabaot hadi leo. Thomson alilisikia jina kwa njia hiyo ya Kimaasai, akaliandika kama alivyolisikia, likawa Elgon. Kwa hiyo huu mlima, tofauti na Aberdare, una jina la wenyewe, ingawa limepinda.

Thomson alikuta mapango, tena si mapango ya popo tu, bali mapango yenye watu. Kulikuwa na nyumba ndani, maghala ya nafaka, ng'ombe na mbuzi. Mlangoni waliziba kwa miti ili adui asiingie. Nyanya yangu upande wa mama ni Msabaot, na anasimulia kwamba nyanya yake yeye alikulia katika pango. Anasema kulikuwa na joto usiku na moshi mwingi, na kwamba mtoto aliyelia wakati wa hatari alizibwa mdomo. Baadaye serikali ya kikoloni iliwatoa watu mapangoni wakajenge nje, ambako ilikuwa rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi.

Sasa tazameni. Huyu alikuwa mtoto wa machimbo ya mawe. Hakuna msafiri mwingine wa wakati wake aliyefaa kuyaangalia mapango haya kumshinda. Aliangalia ukuta, akaona mara moja kwamba mwamba ule ni majivu na vipande vya mawe vilivyotapikwa na volkeno vikagandamana. Hapo alikuwa sawa kabisa. Lakini ni nani aliyechimba? Aliwauliza wenyeji. Wakamjibu kwamba ni kazi ya Mungu, wakamwonyesha vishoka vyao vidogo, kwamba kwa hivi tungechimbaje pango kama hili? Thomson hakuridhika. Alifikiri sana, kisha akaamua kwamba lazima mapango hayo yalichimbwa zamani na watu fulani wenye ustadi mkubwa na nguvu, waliokuwa wakitafuta madini au vito vya thamani, labda watu wa Misri ya kale.

Misri! Mwaka jana tulipelekwa na shule kwenye Hifadhi ya Elgon, safari ya kilomita 30 hivi kutoka mjini kupitia njia ya Endebess, tukaingia pango la Kitum pamoja na askari wa wanyama. Pango linaingia mlimani kama mita 200. Tukimulika tochi, kuta zote zimekwaruzwa, mistari mistari, juu hadi mahali ambapo mtu hafiki hata akisimama begani mwa mwenzake. Askari akatuuliza ni nani amefanya hivyo. Tukasema majembe. Akacheka. Ni pembe za ndovu. Ndovu huingia usiku katika giza lile, wakipapasa njia kwa mkonga, mama akiwa na mtoto wake, wanabomoa mwamba kwa pembe na kuutafuna kwa ajili ya chumvi iliyomo, kwa sababu majani ya mlimani yenye mvua nyingi hayana chumvi ya kutosha. Wamefanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Nyati na swala huingia pia kulamba unga uliobaki. Wafugaji nao walikuwa wakiingiza ng'ombe wao, na watu walichimba kidogo kidogo kwa ajili ya mifugo. Wataalamu wengine wanasema maji ndiyo yaliyoanza kutoboa, kisha wanyama wakapanua. Almuradi hakuna Mmisri aliyefika.

Nilisimama pale nikamwonea huruma Thomson. Chumvi ilikuwa pale ukutani mbele ya macho yake. Kama angekaa mwezi mmoja, kama angeuliza wachungaji wanaleta ng'ombe ndani kufanya nini, pengine angepata. Lakini alikuwa na haraka, ana homa, bidhaa zimekwisha, na katika akili yake kitu kikubwa hivi hakingeweza kutoka kwa watu hawa wala kwa wanyama wao. Ni kosa la mtu mwerevu. Mwerevu akikosa jibu hutunga moja zuri. Hata mimi katika mtihani wa kemia nimewahi kufanya hivyo.

(Kwa wale watakaotaka kwenda Kitum: mwaka wa 1980 na mwaka wa 1987 watu wawili waliokuwa wametembelea pango hilo waliugua ugonjwa wa Marburg wakafa, na popo wa mapangoni wanajulikana kubeba virusi hivyo. Msishikeshike popo wala kinyesi chao.)

Baada ya Elgon bahati ilimwacha. Tarehe 31 Desemba 1883, siku ya kufunga mwaka, akiwa njiani kurudi Baringo, alimpiga nyati risasi. Nyati akaanguka. Thomson akamwendea akidhani amekufa. Kila mtoto wa mlimani anajua kwamba nyati aliyeanguka hasogelewi, lakini yeye hakuwa mtoto wa mlimani. Nyati aliinuka, akamrusha juu kwa pembe na kumjeruhi vibaya pajani. Watu wake walimwokoa, wakambeba kwenye machela. Kidonda kilipoanza kupona, kuhara damu kulimshika, ugonjwa uleule uliomuua Johnston. Alilala kwa wiki nyingi ndani ya kibanda kwenye baridi ya nyanda za juu, amebaki mifupa, hadi alipopata nafuu. Mwisho wa Mei 1884 alifika pwani akiwa hai. Watu waliombeba kwenye mabega yao hawakupewa nishani. Yeye alipewa ya dhahabu mwaka wa 1885, na mwaka huohuo kitabu chake juu ya nchi ya Wamaasai kikatoka, kikanunuliwa sana.

Miaka yake iliyobaki nitaipita haraka. Mwaka wa 1885 alikwenda Sokoto, katika nchi ambayo sasa ni Nigeria, kutafuta mikataba ya biashara kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Mwaka wa 1888 alisafiri katika milima ya Atlas nchini Moroko. Mwaka wa 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga, lakini ndui ilizuka katika msafara, naye mwenyewe aliugua, hakufika. Hizo safari za makampuni sizipendi. Kijana aliyemwambia Sultani ukweli kuhusu makaa ya mawe, sasa anabeba karatasi za kutiwa sahihi na watawala. Afya yake haikurudi tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37 tu.

Mwezi mmoja kabla, yaani tarehe 1 Julai 1895, Uingereza ilikuwa imetangaza nchi yetu kuwa chini ya ulinzi wake.

Hapo ndipo mjadala katika chama ulipowaka. Wenzangu waliosema Thomson ni mwanzo wa ukoloni hawakusema uongo. Njia yake ilifuatwa. Mwaka wa 1885 Askofu Hannington alipita njia hiyo ya Mumias akielekea Buganda, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka wa 1890 Jackson na Gedge, watu wa kampuni ya Kiingereza, walipanda Elgon hadi juu. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na mwaka wa 1926 tawi lake likafika hapa Kitale. Na lile neno lake la uwanda mtupu lilikuja kuwa na kazi. Walowezi walipogawiwa mashamba ya Trans Nzoia, waliambiwa ardhi haina mtu. Watu waliokuwa wakichunga huku wakawa vibarua kwenye mashamba, au wakasukumwa juu mlimani. Babu yangu alizaliwa katika kambi ya vibarua kwenye shamba moja la mahindi upande wa Endebess. Uhuru ulipokuja mashamba yaliuzwa, na yeye hakuwa na pesa ya kununua hata ekari moja. Ndiyo sababu sisi tuko Kipsongo, chumba kimoja cha kukodi, na mboga tunapanda kwenye gunia.

Waliomtetea walisema Thomson hakumnyang'anya mtu shamba. Hakupiga risasi mtu yeyote. Aliandika alichokiona tu. Nami nakubali, lakini nasema hivi: aliandika alichokiona kwa siku chache. Pangoni aliona watu akasema waliochimba ni watu wengine. Kwenye uwanda hakuona watu, akasema hakuna. Makosa hayo mawili ni ndugu. La kwanza lilisahihishwa na ndovu, na anayekwenda Kitum leo anacheka. La pili hakuna anayelicheka.

Hata hivyo siwezi kumchukia. Nimejaribu nikashindwa. Huwa nafikiria mvulana wa mwashi, ana miaka 21, analia pembeni mwa kaburi la Johnston, halafu anainuka kumwuliza Chuma njia iko wapi.

Alizikwa huko kwao Thornhill. Hapa kwetu jina lake lilitolewa Nyahururu, ingawa wenyeji wengine bado wanasema T-Falls. Limebaki kwa yule mnyama mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni na mkia usiotulia, ambaye kwa Kiswahili tunamwita swala tomi. Mlima wenyewe bado unatumia lile jina la Wakony. Nyanya yangu akitaka kujua kama mvua itanyesha hatazami redio. Anatoka nje ya mlango, anatazama magharibi, na kama haoni Koitobos anaanza kuanua nguo.